Barua ya wazi kwa Waziri anayesimamia huduma za watoto: kabla ya kuufungua mlango, tafuteni mafaili

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Na kama mimi ndiye mkubwa, basi pokea salamu za heri kutoka Kisauni.

Nilikuwa mlezi katika makao ya watoto hapa Mombasa kwa miaka 22. Miaka tisa ya mwisho nilifanywa karani pia, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na pesa za kumwajiri karani hazikuwapo. Makao yenyewe siyataji. Yalishafungwa, na baadhi ya waliokuwa wakiyaendesha wametangulia mbele ya haki. Nakuandikia habari ya watoto waliotoka mikononi mwetu wakaenda kuasiliwa ng'ambo, na hasa habari ya karatasi walizoziacha nyuma.

Najua wanaokuja mezani kwako wana kauli mbili. Wako wanaotaka iondolewe ile marufuku ya Novemba 2014, Baraza la Mawaziri liliposimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya na mashirika yakafutiwa leseni za kazi hiyo. Wako wanaotaka ibaki daima dawamu. Mimi moyo wangu umegawika. Tangazo lilipotoka nilishukuru, maana nilikuwa nimeshaona haraka zisizo na maelezo: karatasi za mtoto huyu zinakimbia, za mwenzake aliyeletwa wiki moja naye zinalala. Lakini nilibaki pia na mvulana wa miaka saba asiyeweza kutembea. Wenyeji wengi waliokuja kwetu kuasili walitaka msichana, mchanga, mzima wa afya, na wengine hawakuona haya kuuliza kama ni mweupe. Yule mvulana hakuna aliyemuulizia ila mke na mume wa kigeni, na marufuku ikawakuta katikati ya safari. Kwa hiyo sitakuambia ufungue wala ufunge. Nina ombi linalotangulia yote mawili.

Pengine hujapata kulishika faili la mtoto aliyeokotwa. Ni jembamba. Jalada la kaki, na ndani namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, barua ya polisi ya kwanza, barua ya pili baada ya miezi sita kusema hakuna aliyejitokeza kumdai, kadi ya kliniki, picha moja ya pasipoti, na cheti cha shirika kwamba mtoto yuko huru kuasiliwa. Neno hilo "huru" sikuwahi kulizoea. Kisha pini, ambayo kwa joto letu la pwani huanza kutoa kutu kabla ya mwaka kwisha.

Mtoto mmoja tulimwita Jumaa kwa kuwa aliletwa siku ya Ijumaa, ana umri wa miezi minne hivi. Alikuwa amefungwa kwa leso iliyoandikwa "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu". Mimi ndiye niliyeifungua. Askari aliandika "ameokotwa, hana kitu", na mimi nikanakili hivyo hivyo kwenye faili. Leso tukaifua, na baada ya wiki mbili ikakatwa nepi. Wewe unajua, Mheshimiwa, na wasiojua nawaambia: leso huuzwa doti, vipande viwili. Kipande cha pili kilibaki kwa mtu.

Kabla ya miezi sita kwisha, alikuja mwanamke langoni, Ijumaa mbili mfululizo, na maandazi kwenye sufuria yenye kifuniko. Alisema anataka kuwaona watoto tu. Mlinzi akamrudisha mara zote mbili, kwa kuwa hakuwa na barua ya afisa wa watoto. Maandazi tulipokea. Alikuwa amejifunga leso gani sikumbuki, na nimejaribu sana kukumbuka. Hakuna aliyemwandika popote. Faili likaendelea kusema hakuna aliyejitokeza.

Jumaa aliondoka mwaka 2009 kwenda Italia, ana miaka mitatu. Wazazi wake wapya walikuwa watu wema. Walikaa nchini miezi kadhaa wakimzoea, na mama alijifunza kupika wali wa nazi, japo tui lake lilikuwa jepesi. Sina la kuwalaumu.

Mwaka juzi amerudi. Kijana mrefu, Kiswahili hana, ila "dada" alikuwa bado analijua, ndivyo walivyokuwa wakituita. Ilimchukua siku kumi na moja kulipata faili lake. Shirika lililomshughulikia halina tena ofisi. Karatasi za makao zilikuwa kwenye godauni la mtu, kwenye magunia, na mchwa walikuwa wameanza kula upande mmoja. Alichopata ni ukurasa mmoja na nusu. Namba ya OB ilisomeka, tukaenda nayo kituoni, tukaambiwa vitabu vya miaka hiyo havipo. Aliishika ile nusu ya ukurasa kwa ncha za vidole. Jina langu lilikuwa chini, na sahihi.

Mheshimiwa, Kenya ilijiunga na Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto baina ya nchi na nchi mwaka 2007, miaka miwili kabla ya Jumaa kupanda ndege. Kifungu cha 30 cha mkataba huo kinaitaka nchi ihifadhi habari za asili ya mtoto, hasa wazazi wake ni nani na historia ya afya yake, kisha imwezeshe kuzipata kadiri sheria inavyoruhusu. Watu wakiutaja mkataba huu huongea juu ya ada, vibali na nani aidhinishwe. Kifungu cha 30 hakina mtu wa kukipigia debe, kwa sababu anayekihitaji wakati huo ananyonya chupa.

Marufuku ilisimamisha safari, haikusimamisha mchwa. Nahofia mambo yatazidi kuharibika, na kwa nia njema kabisa. Tunao mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto makaoni warudi kwenye familia. Mimi ni wa kwanza kuupigia makofi. Mtoto hakuumbiwa bweni. Lakini makao yakifungwa, watoto huhesabiwa na kupangiwa pa kwenda, vitanda huuzwa, sufuria hugawanywa. Kabati la mafaili hubaki kwa mwenye nyumba.

Usidhani ni karani mzee tu anayelilia makaratasi. Uholanzi ilisimamisha kuasili watoto wa nje Februari 2021, baada ya tume yake kukuta maovu ya miaka mingi katika watoto waliotolewa Bangladesh, Brazil, Kolombia, Indonesia na Sri Lanka, hati za kughushi zikiwamo. Machi 2025 tume ya ukweli ya Korea Kusini ikatangaza kwamba wako watoto waliokuwa na wazazi wanaojulikana, nao wakapelekwa nje kwa karatasi zinazosema wameokotwa. Watu wazima wenye watoto wao wakagundua kwamba lile neno lilikuwa la karani. Mwaka huo huo serikali ya Korea ikaanza kuyachukua mafaili kutoka mashirika binafsi na kuyaweka chini ya taasisi ya umma. Imechelewa, lakini imeyachukua.

Wanasheria watakuambia habari hizi ni siri. Ni siri kwa majirani, siyo kwa mwenyewe. Kifungu cha 14 cha Katiba yetu kinamchukulia mtoto mdogo aliyeokotwa Kenya kuwa raia wa kuzaliwa, na waliopoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine wanaweza kuurudisha kwa kuomba. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizoko kwa serikali, na hata zilizoko kwa mtu binafsi iwapo anazihitaji kulinda haki yake. Unganisha hivyo viwili uone kijana wa Italia anasimama wapi.

Na sisi Waislamu wa pwani hatukungoja Hague kutufundisha. Mtoto wa kulea huitwa kwa baba yake, hayo ni maamrisho ya Qur'ani. Unamlisha, unamvisha, lakini nasaba yake huigusi. Nafurahi Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kafala, ule ulezi wa Kiislamu wa mtoto asiye wako. Bibi yangu alilea watoto watatu wasio wake, na kila mmoja alijua kaburi la babake liko wapi.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kabla hujaketi na balozi yeyote kuzungumzia makubaliano mapya, na hata kama umeamua hutaketi, toa amri kila shirika lililowahi kushughulikia kuasili na kila makao, yaliyo wazi na yaliyofungwa, yakabidhi mafaili yote serikalini, yapigwe picha na kutunzwa kama zinavyotunzwa hati za ardhi. Naam, ardhi. Shamba la ekari mbili Kilifi lina karatasi nyingi kuliko Jumaa. Kisha weka meza moja Nairobi na moja Mombasa ambapo anayerudi atapokelewa na mtu aliyefunzwa, badala ya kuzungushwa siku kumi na moja. Meza hiyo hiyo iwapokee na akina mama. Wapo. Wengine walikuwa na miaka kumi na sita wakati ule, leo wana wajukuu, na hawajui waanzie mlango gani.

Tena mtuulize sisi. Walezi, wapishi, walinzi, wauguzi wa wodi za wazazi. Faili linaandika "hana kitu" na sisi tunakumbuka leso. Tunazeeka, Mheshimiwa, mlinzi wa lile lango alifariki Ramadhani iliyopita.

Mimi nimeshaanza. Nimenunua daftari la kurasa 96, na usiku baada ya Isha huandika. Watoto kumi na saba nimewakumbuka hadi sasa: siku waliyoletwa, walivyovalishwa, nani alikuja kuwauliza, alama ya kuzaliwa iko bega gani. Yule mwanamke wa maandazi nimempa ukurasa mzima, ingawa nusu yake ni tupu. Nimelipeleka ofisi mbili hapa mjini. Ya kwanza waliniambia si kazi yao, ya pili wakaniuliza kama ni malalamiko, maana wana fomu ya malalamiko.

Naomba uniambie nilipeleke dirisha gani.

Wako mtiifu,
Mlezi mstaafu, Kisauni, Mombasa