Wito wa Harambee: Gari la Kikundi cha Uvuvi na Safari ya Tallahassee

Wapendwa katika Bwana, ndugu na jamaa zetu mlio hapa Jacksonville, Florida, na ninyi mliohamia majimbo mengine lakini bado mnahesabika katika usharika huu,

Tunawasalimu kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Barua hii tumeichelewesha majuma matatu kwa sababu ya kuona aibu. Si muda mrefu tangu mlipochanga kwa ajili ya mazishi ya mama yetu, mkatoa kupita kiasi tulichoomba, na kabla ya hapo ni ninyi mlionunua viti vya ukumbi ambavyo tunavikalia kila Jumapili. Aliyetendewa hivyo angepaswa kunyamaza walau mwaka mzima. Lakini gari la kikundi cha uvuvi limelala nyuma ya kanisa, majani yameanza kuota kati ya magurudumu yake, na bwawa la Rodman, ambako kikundi chetu huvua, linazungumziwa na watu ambao hawatatungoja sisi tujipange.

Tuanze na jioni ile. Watu kumi na wawili, wazee watano na vijana saba, tuliondoka hapa saa tisa alasiri kwenda kwenye mkutano wa hadhara ambako wananchi walialikwa kutoa maoni kuhusu kuvunjwa au kubakizwa kwa ukuta wa bwawa hilo. Mzee wetu mmoja mwenye umri wa miaka 71, ambaye alivua dagaa na mikebuka katika Ziwa Tanganyika tangu akiwa mtoto wa kushika taa mtumbwini, alikuwa ameyaandaa maneno yake kwa siku nne. Aliyaandika kwa Kiswahili upande mmoja wa karatasi ya daftari, mjukuu wake akaandika Kiingereza upande wa pili, kisha wakajipima kwa saa ya simu, kwa kuwa tulielezwa kwamba kila msemaji angepewa dakika tatu. Kabla hatujafika mji wa Palatka, giaboksi ikatoa mlio kama wa mnyororo unaoburutwa juu ya bati, gari likapungua mwendo, likasimama kando ya barabara yenye misonobari pande zote. Gari la kutuvuta lilifika saa tatu na nusu usiku. Wakati huo mkutano ulikuwa umekwisha, watoto wamelala juu ya makoti, na mama mmoja mwenye kisukari alikuwa hajatia kitu kinywani tangu mchana. Mzee hakulalamika. Aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia ndani ya kisanduku chake cha ndoano, chini ya chubwi na mishipi ya akiba, na mpaka leo imo humo.

Wengi wenu mmekula samaki wa Rodman bila kufika Rodman, kwa hiyo mtuvumilie tueleze kidogo. Mto Ocklawaha hutiririka kuelekea kaskazini, hupokea maji ya chemchemi maarufu za Silver Springs karibu na Ocala, kisha huingia katika mto St. Johns. Mwaka 1964 Rais Lyndon B. Johnson alizindua ujenzi wa mfereji wa kupitisha mashua za mizigo kutoka upande mmoja wa Florida hadi upande wa pili, na ukuta wa Rodman, unaoukatiza mto Ocklawaha na uliokamilika mwaka 1968, ulikuwa sehemu ya mradi huo. Mtambo mkubwa wa chuma ulipita msituni ukiilaza miti na kuikandamiza matopeni, ndipo maji yakapandishwa juu yake. Mwanazuolojia Marjorie Harris Carr na wenzake waliupinga mradi hadi mahakamani, na Januari 1971 Rais Richard Nixon akausimamisha. Mfereji haukukamilika kamwe. Ukuta ulibaki, na baadaye ukapewa jina la George Kirkpatrick, seneta wa jimbo aliyeutetea kwa miaka mingi. Ndiyo kusema ugomvi huu una zaidi ya nusu karne, na ulikuwepo kabla wengi wetu hatujazaliwa, sembuse kufika nchi hii.

Wanaotaka ukuta uondolewe wanahesabu kilichofunikwa: maili 16 za mto, chemchemi zipatazo 20, na ekari 7,500 hivi za msitu wa bondeni. Wanasema pia kwamba nguva, ambao wakati wa baridi hutafuta maji yenye joto ya chemchemi, wamezibiwa njia ya kupanda hadi Silver Springs. Si maneno matupu, nasi tumejionea. Kila baada ya miaka mitatu au minne jimbo hufungua milango na kuyashusha maji kwa miezi kadhaa ili magugu maji yafe, na hapo visiki hujitokeza vyeusi kwa maelfu, na kati yake utaona jicho la chemchemi la rangi ya samawati likibubujika kana kwamba halikuwahi kufunikwa. Vijana wetu walipoliona mara ya kwanza walinyamaza wote, jambo ambalo wazazi wao wanajua si la kawaida.

Wanaotaka ukuta ubaki wana hoja yao, nayo ni besi. Huyu ni samaki wa mdomo mpana ambaye Wamarekani humwita bass, nasi tumezoea kumwita besi. Visiki vile vile vilivyozamishwa, pamoja na magugu, vimemfanyia kivuli na maficho ya kuvizia samaki wadogo, naye amenenepa humo kizazi baada ya kizazi. Tangu mwaka 2012 jimbo limekuwa likiwatambua wavuvi wanaokamata besi wa pauni 8 au zaidi na kumrudisha majini akiwa hai, na Rodman ni miongoni mwa maji yanayosifiwa kwa samaki wa ukubwa huo. Watu hutoka mbali na mashua zao, hulala katika nyumba za wageni za wilaya ya Putnam, hununua chambo na mafuta huko, na wenyeji wanauliza nani atawalipa hayo maji yakishaondoka. Mwaka 2025 Bunge la jimbo lilitenga dola milioni 6.25 kwa kazi ya kuurejesha mto, na Gavana Ron DeSantis akazifuta katika bajeti. Hata hivyo suala halikufa. Litarudi, kama lilivyorudi kila mara.

Sasa sisi tupo wapi katika haya yote? Tupo ukingoni, chini ya ukuta. Hatuna mashua. Tunasimama pale maji yanapotoka kwa kishindo chini ya milango, mahali ambapo samaki hujikusanya wakitaka kupanda na wasiweze, na kwa kweli kushiba kwetu kunatokana na kuzibwa kwa njia yao. Hatufichi jambo hilo. Lakini pale ndipo mzee asiyejua Kiingereza huwa mwalimu tena. Sheria ya jimbo inamruhusu mkazi aliyetimiza miaka 65 kuvua bila leseni, na mtoto aliye chini ya miaka 16 vivyo hivyo. Wengine hulipa dola 17 kwa mwaka katika maji yasiyo na chumvi. Babu na mjukuu wanaweza kukaa kutwa nzima wakivua bila kulipa hata senti moja, na hatujui mahali pengine katika mji huu ambapo hilo linawezekana. Mwezi uliopita kabla gari halijaharibika, mtoto wa miaka 9 alipata besi wake wa kwanza. Mzee hakumshikia fimbo ya kuvulia. Alisimama nyuma yake akisema taratibu, "Mlegezee, mwache aende, sasa mvute," mpaka samaki akafika kwenye mawe akiwa amefumbua mdomo wote. Walimpima kwa rula ya shule, akafika inchi 17, na mtoto mwenyewe ndiye aliyewakumbusha wakubwa kwamba mtu mmoja haruhusiwi zaidi ya besi watano kwa siku, na kati yao mmoja tu ndiye anayeweza kuwa na inchi 16 au kupita.

Kikundi hakina msimamo mmoja kuhusu ukuta, na tunaona ni haki mlijue hilo kabla hamjatoa fedha. Baadhi ya wazee wanasema mto uliofungwa lazima ufunguliwe, kwa kuwa wamekulia kwenye maji yasiyofungwa. Akina baba wengine wanasema maji haya ndiyo yaliyowapokea walipofika wakiwa hawamjui mtu, na hawataki kuyaona yakikauka. Tumelijadili mara tatu, mara ya tatu tukamaliza kwa sala kwa sababu maneno yalikuwa yameanza kuwa makali. Tulichokubaliana wote, bila hata mmoja kupinga, ni hiki: ukuta ubaki au uvunjwe, pawekwe kwa maandishi sehemu za ukingoni ambapo mtu asiye na mashua, mzee mwenye mkongojo na mtoto mdogo wanaweza kusimama na kuvua kwa usalama. Katika maelezo mengi tuliyosomewa, mwenye mashua anatajwa, mwenye nyumba kando ya maji anatajwa, nguva anatajwa. Anayevua akiwa amesimama juu ya mawe hutajwa kwa mstari mmoja, na mara nyingine hatajwi kabisa. Hatumlaumu mtu kwa hilo, maana hatukuwahi kufika kujieleza. Siku tuliyojaribu, tulilala njiani.

Kwa hiyo tunaomba kama ifuatavyo. Kubadilisha giaboksi ya gari ni dola 3,800, na fundi ameahidi kwa maandishi kwamba kiasi hicho kinajumuisha kazi na vifaa. Safari ya watu kumi na wawili kwenda Tallahassee, makao makuu ya jimbo, na kurudi wakati wa kikao cha Bunge, pamoja na kulala usiku mmoja ili tusichelewe tena kujaza kadi ya kuomba nafasi ya kusema, ni dola 1,150. Maboya ya kuvaa kwa watoto ni dola 350, kwa kuwa maji yaliyo chini ya milango yana nguvu na hatutaki kungoja ajali ndipo tununue. Jumla ni dola 5,300. Kikundi chenyewe kimeshachanga dola 1,240, nyingi zikiwa za vijana wanaofanya kazi za usiku maghalani. Zimebaki dola 4,060.

Fedha zitapokelewa na mama mhazini baada ya ibada zote mbili, na kila atakayetoa atapewa stakabadhi. Hesabu itasomwa kanisani Jumapili ya kwanza ya kila mwezi na kubandikwa ubaoni, pamoja na risiti ya fundi. Kitakachozidi hakitahamishiwa shughuli nyingine bila kikao cha wazee wa kanisa.

Tunajua hali ilivyo. Kodi za nyumba zimepanda, na wengi wenu mnatuma fedha nyumbani kila mwezi kwa watu ambao hawana mwingine wa kumtegemea. Aliye na dola tano asione aibu kuzileta, na asiye nazo atuombee, tutalipokea hilo kwa uzito ule ule. Ila kwa upendo tunawakumbusha wale ambao kila mwezi hupigiwa simu waje kuchukua samaki, wakaja na mifuko yao, wakachagua walionona, kwamba jina la kikundi hiki wanalifahamu na mlango wa mhazini wanaujua. Mama mmoja mjane, ambaye hajawahi kuvua wala hali samaki kwa sababu ya afya yake, alileta dola 40 siku ya pili tu baada ya gari kuharibika, akasema watoto wasikae bila mahali pa kwenda na babu zao. Tungefurahi sana kama asingebaki peke yake.

Tunahitaji fedha ya fundi kabla ya mwisho wa mwezi huu, kwa sababu ana nafasi ya gari letu mwanzoni mwa mwezi ujao na baada ya hapo atalisogeza mbele. Wenye ujuzi wa kuendesha gari la abiria kumi na watano, na wanaoweza kumkaribia yule mzee na mjukuu wake kuwasaidia kuisoma upya ile karatasi kwa Kiingereza ndani ya dakika tatu, wajiandikishe kwa katibu Jumapili hii baada ya ibada ya pili.

Ni sisi wenu katika huduma,
Kamati ya Kikundi cha Uvuvi cha Usharika