Mlifunika maji chini ya sakafu bila kutafuta yanakotoka

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI YA KUZUIA UNYEVU CHINI YA SAKAFU YA NYUMBA YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mafundi wenu walifika kwangu mara tatu ndani ya wiki 6. Niliwaita kwa sababu sakafu ya mbao ya korido ilikuwa imeanza kubonyea, harufu ya uvundo inapanda, na ukifunua mfuniko wa kushukia uvunguni unakuta udongo umelowa chepechepe. Mara zote nilipewa jibu moja: ni mvua, inapenya kwenye msingi. Safari ya tatu mkatandika nailoni juu ya udongo, mkaweka feni, mkanikabidhi ankara. Nililipa siku ileile.

Baada ya hapo zilipita siku 19 bila tone la mvua, na maji yakatuama juu ya nailoni. Juu yake, Meneja, si chini. Kazi ya nailoni ile ni kuzuia mvuke wa udongo usipande kwenye mbao, kwa hiyo maji yanayotuama juu yake hayakutoka ardhini.

Ndipo nikafanya kipimo nilichotegemea fundi wenu akifanye siku ya kwanza. Usiku, watu wamelala, nilifunga koki zote, nikahakikisha tangi la choo limejaa na halipitishi maji, nikaandika namba za mita. Saa 2 baadaye zilikuwa zimepita lita 18. Hizo ni lita 216 kwa siku. Kisha nikafunga valvu kuu ya kuingizia maji ndani, na mita ikasimama palepale. Maana yake bomba la kutoka kwenye mita hadi nyumbani lilikuwa zima, na tatizo lilikuwa upande wa ndani. Kipimo chote kilinigharimu kalamu na usingizi kidogo.

Asubuhi nilishuka mwenyewe. Kabla ya kushuka nilikata umeme kwenye swichi kuu, na nashukuru nilifanya hivyo, kwa sababu waya wa feni yenu ulikuwa umelala ndani ya maji. Hili naomba mlisome mara mbili.

Nailoni yenu inaishia chini ya korido. Kutoka hapo kwenda chini ya bafu utando wa buibui ulikuwa mzima, na niliupasua kwa uso wangu nikitambaa kwa tumbo. Hakuna fundi aliyewahi kufika huko. Nilipangusa mabomba kwa karatasi kavu, jointi moja baada ya nyingine, kwa kuwa bomba la maji baridi likitoa jasho hulowa lote, ilhali penye kuvuja unyevu huanzia sehemu moja. Jointi ya nne ililowesha karatasi papo hapo. Maji yalikuwa yanateleza chini ya tumbo la bomba kama mita 2 hivi, kisha yanadondokea chini ya korido. Ndiyo maana udongo ulilowa mahali ambapo hapakuwa na jointi yoyote. Fundi anayeishia pale panapodondoka maji atasingizia mvua mpaka kesho.

Nakiri uzembe wangu: bili ya maji ilipanda miezi miwili kabla sijawaita, nikadhani ni wageni. Lakini niliwaonyesha bili hizo ziara ya kwanza. Mvua haipandishi bili ya maji.

Jointi nimeshabadilishiwa na fundi mwingine. Kilichobaki ni madhara. Boriti mbili zimeota ukungu, na kipima unyevu nilichoazima kilionyesha asilimia 31 kwenye mojawapo, wakati mbao inatakiwa kuwa chini ya 20 ili isioze. Nailoni na feni viliniaminisha kwamba kazi imekwisha, na mbao zikaendelea kulowa.

Nataka nirudishiwe malipo yote ya nailoni, feni na ziara zote tatu. Nataka pia mlete mtu mwingine, si wale waliokuja, akague boriti pamoja na mabomba ya maji machafu, ambayo yakivuja mita haitikisiki. Amwage maji yenye rangi bafuni na mwenzake awe chini na tochi. Gharama ya kukausha na kubadilisha boriti itakayothibitika kuoza ni yenu kuanzia siku ya ziara ya kwanza. Uvungu usifunikwe tena kabla mbao hazijakauka na mimi kuonyeshwa kipimo. Ripoti iwe ya maandishi na ya picha, maana ya mdomo nimeshapewa tatu.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka kwa mamlaka ya kulinda walaji pamoja na picha nilizoambatanisha, ikiwemo ya waya ndani ya maji.

Feni nimeikausha na nailoni nimeikunja. Vyote viko karibu na mlango wa nyuma, mje mvichukue.

Mteja wenu