Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu: Waathiriwa wa 2008 bado tupo, tuiteni

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mjane wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nimenyamaza muda mrefu, ila Agosti 2025 Rais William Ruto alipotangaza jopo la kushughulikia fidia ya walioumia kwenye maandamano tangu 2017, uvumilivu uliniisha. Wazazi waliozika watoto wao kwa risasi za barabarani wanastahili kila senti, wala siwaonei wivu. Lakini mume wangu aliuawa Naivasha Januari 2008. Sisi wa kabla ya 2017 mmetuweka wapi?

Naomba nikukumbushe ahadi, Mheshimiwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoundwa kuchunguza dhuluma za miaka iliyopita, ilichukua taarifa zaidi ya 40,000 za wananchi, na yangu imo. Niliwaeleza watu nisiowajua mambo ambayo hata mama mkwe sijamwambia. Ripoti ilikabidhiwa Rais Mei 2013. Wabunge wakabadilisha sheria ili waijadili wao kwanza, na huko Bungeni ndiko ilikokwama. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akasimama mbele ya Bunge, akaomba msamaha kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya kuwafidia waathiriwa, shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu. Siku hiyo tulilia kwa furaha, majirani wakatuuliza kuna nini. Kanuni za kuiendesha hazina hiyo ziliandikwa rasimu. Miaka mitatu ilikwisha 2018, na mimi sijaona hata shilingi.

Nashuku ripoti inaogopwa kwa sababu ina majina ya wakubwa. Labda pia ni kwa kuwa tumetawanyika, hatuna kambi ya wakimbizi ya kupigwa picha. Wengi wetu tulikimbilia kwa jamaa, tukalala jikoni kwa shemeji, na wenzetu walipopewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, majina yetu hayakuwa kwenye orodha. Mpaka leo nikiingia ofisi ninaulizwa nilikuwa kambi gani. Kifungua mimba wangu aliacha shule kidato cha pili akaenda mjengo. Sasa mgongo wake umeharibika akiwa bado kijana, nami magoti hayanibebi tena kwenda sokoni na kapu la omena.

Lakini pesa siyo neno langu la kwanza. Kati ya vijana waliokuja mlangoni kwetu, mmoja ninamfahamu. Mamake tulikuwa tukipanga foleni naye kwenye mfereji mmoja. Ninataka kumuuliza mume wangu alisema nini mwisho. Nataka anisikie nikimweleza watoto walikuaje bila baba. Akitaka kuomba msamaha, aombe mbele yangu. Rais Kenyatta aliomba kwa niaba ya serikali, sawa, lakini si yeye aliyeshika kiberiti. Chifu, hakimu, mzee wa mtaa, hakuna aliyewahi kutuketisha pamoja. Kifungu cha 159 cha Katiba kinataja maridhiano, na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inasema mwathiriwa asikizwe. Mimi sijaitwa na yeyote. Maridhiano gani hayo ambayo aliyeumizwa hayupo?

Kwa hivyo, Mheshimiwa, zitoeni kanuni za hazina hiyo kabatini. Kabla hazijafika Bungeni, tuiteni tuzisome. Tuiteni Naivasha, Eldoret, Kisumu, waiteni na watu wa Wajir waliopoteza wazee wao katika mauaji ya Wagalla mwaka 1984, ambao wamengoja kuliko sisi. Hata kama hamna fedha mwaka huu, tuiteni mtuambie hivyo tukiwatazama usoni. Wenzangu tulioandikisha nao taarifa wanaendelea kufa, na kila anayekufa anakwenda na ushahidi wake.

Tuiteni, Mheshimiwa.

Wako kwa heshima,
Mjane wa Naivasha, sasa mkazi wa Busia