Mwanangu, kabla hujaweka sahihi

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti, wa kwamba klabu ya Ulaya inakutaka, niliusikiliza ofisini nikiwa nafunga hesabu za mwezi, usiku nikaurudia nikiwa na baba yako. Tangu hapo mzee anatembea kifua mbele Kirumba nzima, utadhani yeye ndiye aliyeitwa Ulaya. Mimi nikakuomba mkataba, ukanitumia picha. Nimeamua kukuandikia kwa sababu mambo ya mkataba yakisemwa kwa simu kila mtu anasikia lile analolitaka.

Cheza mpira. Natanguliza hilo usije ukadhani nazunguka mbuyu ili nikurudishe nyumbani. Ubishi wa kama msichana acheze au asicheze uliisha kwetu Oktoba 2022, Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walipokwenda India kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Japan ikawafunga manne, watu wakaanza kucheka. Wakaipiga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali. Colombia ikawatoa kwa 3-0, lakini kesho yake babu yako, ambaye hata jina la Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, alikuwa halijui, akaniuliza: "Hivi wale watoto wanalipwa?" Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia juu ya soka la wanawake.

Wanalipwa, mwanangu, ila inategemea ni nani na yuko wapi. Ripoti ya FIFA iliyotoka mwaka 2025 inaonyesha mchezaji wa kike wa kulipwa anapata wastani wa dola 10,900 hivi kwa mwaka. Gawa kwa 12, igeuze iwe shilingi, unapata milioni mbili na ushee kwa mwezi. Kwa Mwanza hiyo ni hela. Kwa mtu anayepanga chumba na kununua koti la baridi Ulaya, ni hela ya kuhesabu kila Jumapili jioni. Na wastani mimi naufahamu, ndiyo kazi yangu: klabu chache tajiri zinauvuta juu, na walio wengi wako chini yake.

Najua utaniletea habari za Naomi Girma, maana picha yake ndiyo uliyoweka kwenye simu yako. Sawa. Binti wa wazazi waliotoka Ethiopia, beki wa kati kama wewe, na Januari 2025 Chelsea wakamtoa San Diego Wave kwa dola milioni 1.1 hivi, mwanamke wa kwanza kuvuka milioni. Nilifurahi mno kwamba rekodi hiyo imewekwa na beki. Mastraika wameimbwa vya kutosha. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa Racheal Kundananji, Mzambia, aliyetoka Madrid CFF kwenda Bay FC kwa dau lililovunja rekodi ya dunia ya wakati ule. Lakini dau klabu inailipa klabu. La mchezaji ni mshahara, bonasi na yale yaliyoandikwa kwenye mkataba wake. Ukisoma gazetini kwamba fulani kauzwa kwa mabilioni, usidhani mabilioni yamelala kwenye akaunti yake.

Kuna kipande cha dau ambacho watu hawakijui, nami nataka ukijue kwa ajili ya kocha wako wa kwanza, yule aliyekuwa akiwapaka chokaa uwanja kwa mkono. Mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine mkataba wake ukiwa bado hai, asilimia 5 ya dau hutengwa na kugawiwa timu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Ila hugawiwa kwa kufuata usajili. Kama kocha hakukusajili kwenye chama cha mpira, kwa FIFA hajawahi kukuona. Nimeshamwambia atafute fomu zako zote, na mimi natafuta zilizobaki kwenye lile sanduku la bati.

Sasa watu wa kwetu, maana hao ndio kipimo chako. Aisha Masaka alitoka Singida, akapita Alliance Girls hapa hapa Mwanza, akaenda Yanga Princess, na mwanzoni mwa 2022 akasaini BK Häcken ya Sweden akiwa na miaka 18. Akiwa huko akacheza Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Ulaya, na mwaka 2024 akahamia Brighton, Uingereza. Clara Luvanga alitoka Yanga Princess akapitia Hispania, na tangu 2023 anafunga mabao Al Nassr ya Saudi Arabia. Opah Clement alitoka Simba Queens, akaenda Uturuki, China, Mexico. Mtaani wanasema kazunguka dunia, kafaidi. Mimi nikiangalia orodha hiyo naona kila baada ya muda mfupi mtu anapakia begi, anaanza lugha mpya, kocha mpya, chumba kipya, na kuna siku nyingine analala hajui msimu ujao atakuwa wapi. Hata hivyo Julai 2025 pale Morocco, Twiga Stars waliporudi AFCON kwa mara ya kwanza tangu 2010, ni Opah aliyeifunga Afrika Kusini kwenye ile sare ya 1-1. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Ukiitaka, itake na begi lake.

Turudi kwenye picha zako.

Ukurasa wa tatu una kivuli cha kidole juu ya kifungu cha mshahara. Nimekikuza mpaka herufi zikapasuka. Naona "1,200", lakini sioni kama ni dola au euro, wala kama ni kwa mwezi au kwa msimu. Usinijibu kwamba "wakala kasema ni euro kwa mwezi". Wakala aandike.

Ukurasa huo huo unasema miaka minne. Wewe hujatimiza 18, na kanuni za FIFA za uhamisho zinasema mchezaji wa umri wako hawezi kusaini zaidi ya miaka mitatu. Aliyeandika hapo ama hajui kazi yake, ama anajua na anategemea wewe hujui. Sijui lipi baya zaidi.

Kifungu cha saba kinasema mkataba utaanza kufanya kazi ukifaulu vipimo vya afya na kupata kibali cha kazi. Nacho hakiruhusiwi. Klabu ikupime kwanza, ishughulikie vibali, halafu isaini. La sivyo wanaweza kukutoa kwenye timu yako huku, ukafika kule, daktari wao akatikisa kichwa, ukabaki huna huku wala kule.

Cha kumi na moja nimekisoma mara mbili, nikanywa maji, nikasoma tena: "mchezaji akipata ujauzito, mkataba utakoma." Mwanangu, sikwambii uzae. Soma vitabu, cheza mpira, mengine yana wakati wake. Lakini tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji angalau wiki 14 za likizo ya uzazi, akilipwa si chini ya theluthi mbili ya mshahara, na klabu haina ruhusa ya kumfukuza kwa sababu ya mimba. Sara Björk Gunnarsdóttir, aliyekuwa nahodha wa Iceland, alipojifungua akiwa mchezaji wa Lyon hakulipwa mshahara wake wote. Akaenda FIFA, akashinda, Lyon wakaamriwa kumlipa zaidi ya euro 82,000. Lyon ni mabingwa wa Ulaya mara kadhaa. Kama hao walijaribu, hii klabu yako ambayo hata nembo yake imechapwa upande itajaribu mara ngapi? Kifungu hicho kifutwe chote, wasikirekebishe maneno tu.

Na kipo kinachokosekana. Hakuna popote palipoandikwa nani analipa daktari ukiumia, wala tiketi ya kurudi nyumbani. Kwenye mshahara kuchelewa hata usihangaike kuwaomba waandike, kanuni ipo: wakikaa na mishahara yako ya miezi miwili bila sababu, unawaandikia barua ya kudai, unawapa siku 15, wasipolipa una haki ya kuvunja mkataba. Ile barua ndiyo wachezaji wengi huisahau. Wanalalamika kwenye kundi la WhatsApp, wanamlilia nahodha, mwisho wanaondoka kimya kimya, halafu klabu inasema mchezaji katoroka.

Wakala sasa. Kusema amewahi kupeleka wasichana nje hakutoshi. Siku hizi wakala anafanya mtihani wa FIFA na kupewa leseni, na majina yao yanaonekana kwenye tovuti ya FIFA. La huyu nimelitafuta kwa tahajia zote nilizoweza kubuni, halipo. Tena kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, wakala anatakiwa apate idhini ya mzazi kwa maandishi kabla hata hajaanza mazungumzo naye. Mimi sijaandika kitu, na baba yako nimemuuliza, anaapa hajaandika. Halafu anakudai laki nane za "kushughulikia viza". Klabu inayokuhitaji kweli inashughulikia viza yako kwa gharama zake. Usimtumie hata mia.

Na kubwa kuliko yote ni umri. Uhamisho wa kwenda nchi nyingine kabla ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache kama hizi: wazazi wamehama kwa jambo lisilohusu mpira, mchezaji anakaa karibu kabisa na mpaka, au anahama ndani ya Umoja wa Ulaya au eneo lake la kiuchumi. Baba yako hahami, Kirumba haipakani na Ulaya. Wewe unatimiza 18 Aprili. Anayekwambia upande ndege Januari "na mambo ya umri yatarekebishwa" anamaanisha atabadilisha tarehe yako ya kuzaliwa. Ukikubali, umeanza kazi yako na cheti cha uongo, na siku atakayokasirika nawe ndicho atakachokitoa.

Kuhusu mwili wako, nakuomba unisikilize zaidi ya hapo kote. Goti la mwanamke anayecheza mpira huchanika ligamenti ya mbele, kano inayolishikilia goti, mara nyingi kuliko la mwanamume, wataalamu wanasema mara mbili au zaidi. Msimu wa 2022/23 Arsenal peke yao waliwapoteza Beth Mead, Vivianne Miedema, Leah Williamson na Laura Wienroither kwa jeraha hilo hilo. Hao walikuwa na madaktari, mabwawa na mashine, na bado goti la namna hiyo linakula miezi tisa, wakati mwingine mwaka. Williamson alilikosa Kombe la Dunia la 2023, akarudi, na mwaka 2025 akanyanyua kombe la Ulaya akiwa nahodha. Kurudi kunawezekana kama kuna mtu anayelipa matibabu. Ndiyo maana nimeng'ang'ania kifungu cha daktari.

Kuna mazoezi ya kupasha misuli yanayoitwa FIFA 11+, ni ya dakika 20, hayahitaji zaidi ya koni na mpira, na yanapunguza majeraha yakifanywa kila mara. Muulize kocha wako kama mnayafanya. Kama anasema hana muda, yafanye mwenyewe kabla wenzako hawajafika. Na zile daluga za mtumba zinazokubana kidole gumba zitupe, nimekutumia hela kwa simu. Nitataka kuona risiti.

Shule. Matokeo yako ya kidato cha nne yanakutosha kuendelea, na klabu yako ya Dar inafanya mazoezi jioni. Asubuhi ni yako. Wanaotundika daluga wakiwa na miaka 32 wana maisha marefu bado mbele yao, na mshahara wa soka la wanawake haujengi nyumba ya kupangisha, si kwa wengi. Kasome hata uhasibu, ingawa najua utacheka.

Fedha ya kwanza ikiingia, iingie kwenye akaunti yenye jina lako, si la wakala, si la kocha, wala si langu. Ndugu watakupigia. Shangazi zako wale wale waliosema utakosa mume watakuwa na matatizo ya ghafla yasiyongoja wiki. Waambie hela zote anazo mama. Mimi nitajua la kuwajibu, nina uzoefu wa wakopaji.

Basi fanya hivi. Mkataba usiusaini. Mjibu huyo bwana kwa maandishi, kwa adabu, kwamba wewe ni mtoto na mzazi wako ndiye anayezungumza. Endelea na ligi, dirisha la usajili la Januari lipite. Aprili ikifika una miaka 18, una mechi za msimu mzima miguuni, na timu itakayokuwa inakutaka kweli itakuwa bado inakutaka. Shangazi yako mdogo, yule wakili, amekubali kuusoma utakaofuata bila malipo ila anataka jezi.

Huyo wakala akibisha, mpe namba yangu. Anipigie saa za kazi, na kabla hajaanza kueleza chochote anitajie namba ya leseni yake.

Mama yako
Mwanza

Baba yako anasoma juu ya bega langu. Anasema mechi ya Jumamosi uliacha nafasi kubwa upande wa kushoto, na kwamba umwambie kipa wenu apige kelele zaidi.