Barua kwa Haji: usimlipe wakala bado

Mombasa, 9 Novemba

Ndugu yangu Haji,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na ile ofa ya wakala uliyoiambatisha, ya kuwa mhadhiri kwenye meli za watalii, nimeisoma mpaka maandishi madogo ya chini. Usilipe kitu bado. Juu wameandika kwamba utasafiri siku 14 bure. Chini wameandika kwamba nauli ya ndege ni yako, viza yako, bima yako, na wakala anachukua ada kwa kila usiku utakaolala melini. Si matapeli hao. Ndivyo nafasi hiyo ilivyo, ila haikuwekwa kwa ajili ya mtu kama wewe.

Kazi ziko mbili, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya mhadhiri mgeni kwenye meli kubwa, zile za abiria elfu mbili na zaidi. Anapewa chumba na chakula, mara nyingi anaruhusiwa kuja na mwenzake, na kazi yake ni kuzungumza mara moja kila siku ambayo meli iko baharini. Meli ikifunga gati yuko huru. Mshahara hamna. Inamfaa profesa mstaafu wa Uingereza mwenye pensheni, ambaye hata hivyo angelipia likizo yake. Wewe unayekula kwa kuwatembeza wageni katika msitu wa Jozani, siku 14 bila kipato ni hasara, na ada juu yake.

Ya pili iko kwenye meli ndogo za msafara, mara nyingi zenye abiria chini ya 200, ambazo zinashusha watu kwa boti mahali pasipo na bandari. Huko kuna kiongozi wa msafara na timu yake: wa ndege, wa miamba, wa historia, wa picha, na karibu wote wanaendesha boti. Wanalipwa kwa siku, na nauli kwa kawaida inatoka kwenye kampuni. Mlango wako ni huo.

Usibishe hodi kila mahali, lakini. Galápagos, visiwa vya Ekwado, sheria inataka kiongozi mwenye leseni ya hifadhi yao, mmoja kwa kila wageni 16, kwa hiyo mgeni hapati. Svalbard, visiwa vya Norwe huko kaskazini kabisa, wanataka mtu anayejua bunduki kwa sababu ya dubu. Antaktika inawezekana baadaye: chama cha kampuni za huko, IAATO, kina mtihani wake kwa wafanyakazi, na masharti yake uyajue mapema. Wasizidi watu 100 nchi kavu kwa wakati mmoja, kiongozi mmoja kwa abiria 20, mita 5 kutoka kwa pengwini, na tangu homa ya mafua ya ndege ifike kule hakuna kukaa wala kupiga magoti chini. Anza na maji yako mwenyewe: Unguja, Mafia, Kilwa, Komoro, Aldabra na visiwa vingine vya Shelisheli, kaskazini ya Madagaska. Meli hizi hupenda miezi ya maleleji, pepo zinapobadilika, kwa sababu kusi likikaza fukwe zinazoangalia kusini-mashariki hazishukiki.

Karatasi zinazotakiwa ni hizi. Mafunzo ya msingi ya usalama ya STCW, yaani mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi na wajibu wa mtu melini, pamoja na kozi fupi ya ulinzi. Dar yanatolewa na Chuo cha Bahari, na hapa Mombasa kiko Bandari Maritime Academy. Kujiokoa majini na kuzima moto unarudia kila baada ya miaka 5. Cheti cha afya cha baharia kinadumu miaka 2 tu, na hicho ndicho kinachowaangusha wengi: mkataba unaanza cheti kikiwa na wiki tatu za uhai, nao wanaitwa wengine. Kadi ya homa ya manjano sasa ni ya maisha, ila ibebe ya karatasi yenyewe, picha ya simu wanaikataa. Cheti cha kuendesha boti, kile cha RYA (chama cha Uingereza cha vyombo vya majini) ngazi ya 2, ndicho kinachotajwa sana kwenye matangazo. Na meli ikipita Mayotte au Réunion, kumbuka kwamba ni Ufaransa lakini si Schengen, ule ukanda wa viza moja wa Ulaya. Viza ya Schengen peke yake haikuingizi huko, na msafara unaweza kuondoka ukiwa umebaki uwanjani na begi lako.

Sasa kazi yenyewe. Wengi wanadhani ni kujua majina ya ndege. Ndege utawajua, lakini kinachokulisha ni kujua maji.

Chukua ufuo usio na gati. Boti ni ya mpira, abiria kama 10 wamekaa juu ya mirija, watano kila upande, mashine ya nguvu za farasi 60 nyuma. Anayeendesha anafunga kamba ya kuzimia mashine mguuni: akianguka, kamba inachomoka, mashine inazima, na propela haimkati mtu. Kila mtu anaijua hiyo kamba, ila wapo wanaoiacha ikining'inia kwa uvivu. Bahari ikiwa shwari, omo, yaani mbele ya boti, linaingia mchangani na wenzako wawili wamesimama majini hadi mapajani, mmoja kila upande. Abiria anasogea mbele kwa makalio bila kusimama, anageuza miguu kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti, kisha anateremka. Akiipitisha upande wa omo anaweza kumpiga mtu teke. Mkono anashikwa kigasha kwa kigasha, si kiganja kwa kiganja, maana kiganja chenye maji na mafuta ya jua kinateleza, na bibi wa miaka 80 anakwenda na wimbi.

Mawimbi yakianza kuvunjika ufuoni, unageuza: omo litazame bahari, tezi ije mchangani, mashine izimwe na iinuliwe, watu wateremke kwa nyuma. Kosa ni kuchelewa kugeuza. Boti ikipigwa na wimbi ubavuni mara moja tu inajaa, na ikijaa hakuna mikono minne itakayoizuia.

Hapo ndipo penye faida yako. Ratiba ya meli huandikwa ofisini, mwaka mzima kabla, na mtu anayetazama kalenda bila kutazama mwezi. Anaandika: ufuo wa mashariki ya Unguja, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tano. Wewe unajua kwamba siku za bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, na kwamba kati ya hapo na hapo kuna karibu mita 4. Kwa hiyo watu watashuka maji yakiwa tayari yanakwisha, na wakati wa kurudi boti ziko mbali nje ya mwamba, huku wazee wanatembea juu ya mawe yenye urojorojo na wanyama wa baharini wenye miiba wamejaa mashimoni. Mwambie kiongozi wa msafara jioni iliyotangulia, si asubuhi. Mpe saa mbadala, usimpe lawama: "Tukishuka saa tisa alasiri tutaingia na maji hadi mchangani." Ukifanya hivyo mara mbili, ya tatu atakutafuta yeye.

Aldabra ni hivyo hivyo, ila kwa ukali zaidi. Kisiwa kile kimezunguka wangwa mkubwa, kama ziwa la maji ya chumvi, na maji yote huingia na kutoka kwa milango michache. Boti zinaingia maji yanapojaa, zinabebwa na mkondo kasa na papa wakipita chini yake, na lazima zitoke kabla hayajageuka sana, la sivyo zinabaki kati ya vichwa vya mwamba vilivyolika chini mpaka vikawa kama uyoga. Wageni watakuuliza juu ya kobe, ambao wako kama 100,000, na juu ya yule ndege asiyeruka, wa mwisho wa aina hiyo katika Bahari ya Hindi. Lakini nusu saa kabla ya kushuka utakuwa umepiga magoti kwenye korido ukichokoa mbegu kwenye soli na mifuko ya watu kwa kibanio. Usidharau kibanio. Mbegu moja ikionekana na mlinzi wa kule, kundi zima linaweza kurudishwa melini.

Kuhesabu watu ni ibada. Kila abiria ana kadi au kitambulisho chenye namba, anakigeuza akitoka na anakigeuza akirudi. Mwenye kusahau kugeuza atatafutwa ufuoni saa nzima naye yuko chumbani anaoga. Kibaya zaidi ni yule anayemgeuzia mkewe: ubao unasema wamerudi wote, na mtu mmoja bado yuko nchi kavu. Basi hesabu vichwa kwenye boti ya mwisho, hata kama ubao umekamilika.

Jambo moja litakukwaza wewe Mswahili, na sijaona linaandikwa popote. Mnyama akionekana, unamtangaza kwa kipaza sauti kwa mfano wa uso wa saa: omo ni kumi na mbili kwa hesabu ya Kizungu, ubavu wa kulia ni tatu, tezi ni sita, ubavu wa kushoto ni tisa. Kichwa chako kina saa yetu. Ukiona nyangumi kulia, mshale wa kulia kwako ni saa tisa, na ulimi kwa haraka utatoa tisa hiyo hiyo kwa Kiingereza. Watu 150 watakimbilia kushoto na kamera zao, nyangumi anapulizia kulia. Jizoeze kutaja upande kwanza, kisha saa.

Darubini nunua ya 8x42, si ya 10. Staha inatikisika kwa mashine, na ukikuza zaidi unakuza pia mtikisiko.

Kuhusu mihadhara: dakika 45, slaidi kama 40, picha kubwa, maneno machache yasomeke kutoka safu ya nyuma. Video ziingize ndani ya faili, maana intaneti ya meli haina dhamana, na beba nakala mbili kwenye flashi tofauti. Picha ziwe zako au zenye ruhusa, kwa sababu mhadhara mara nyingi unarushwa pia kwenye televisheni za vyumbani. Usipange jambo lako zito baada ya chakula cha mchana, watalala, na si dharau. Kuwa na mhadhara mmoja usiotegemea bandari yoyote. Mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi ziliondoa mfereji wa Suez kwenye ratiba zao, na mtu aliyeandaa Luxor ya Misri na Petra ya Yordani peke yake anajikuta na ukumbi uliojaa na meli inayoelekea Rasi ya Tumaini Jema.

Kwako mada iko mlangoni. Usianze na ramani ya Zanzibar wala mwaka wa sultani. Anza na picha moja ya kima punju, yule mwekundu wa Unguja, ameshika kipande cha mkaa mdomoni, nyamaza kidogo, halafu uliza kwa nini. Ukishawapata, waeleze: majani ya mkungu na ya mwembe yana protini nyingi, lakini yana pia kemikali zinazomsumbua tumboni, na mkaa unazinasa. Kutoka hapo unaingia mashamba yanayopakana na msitu, wakulima, na kwa nini kima huyu hana kwao kwingine. Dakika 45 zitakwisha bado una maneno.

Ila ujue kwamba mhadhara si kitu kinachokufanya uitwe tena. Kila jioni kuna muhtasari, dakika 5 kwa kila mtu, jambo moja lililoonekana leo. Wanaozidisha dakika hizo hawapendwi na wapishi wala na kiongozi. Baadaye unakula meza moja na abiria, kila usiku meza nyingine, na hayo ni sehemu ya mkataba. Maswali yale yale utaulizwa mara 20 kwa safari moja, na la ishirini lijibu kama la kwanza. Saa kumi na mbili asubuhi uwe staha ya mbele hata kama hakuna kitu, kwa kuwa wapo watatu au wanne wanaoamka mapema, nao ndio wanaoandika fomu ndefu za maoni mwisho wa safari.

Basi fanya hivi. Yule wakala mjibu kwa heshima kwamba mwaka huu hutaweza, usimkate kabisa. Ulizia tarehe za kozi ya STCW pale Dar. Halafu niandikie vichwa vitano vya mihadhara, kila kimoja na mistari minne, na urekodi dakika 6 ukizungumza kwa Kiingereza mbele ya watu halisi, si mbele ya ukuta. Kampuni nyingi huitazama hiyo video kabla ya kufungua wasifu. Ukivileta kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo nitavipitia kwa kalamu nyekundu, na najua utanuna.

Nisalimie mama na watoto. Mwezi mwandamo unakaribia. Nenda Jambiani, pwani ya mashariki, siku ya tatu yake, saa nne asubuhi, upige picha mwamba ukiwa mkavu. Kiongozi yeyote wa msafara akiiona picha hiyo pamoja na saa yake haitahitaji maelezo.

Ndugu yako,
Athumani