YAH: Riwaya iliyokosa ukurasa wa 161 hadi 192

Mkomani, Lamu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Hii ni mara ya tatu nawaandikia. Mara mbili za kwanza nilituma ujumbe mfupi kwa simu, na pengine ufupi ule ndio uliofanya nisieleweke. Leo naeleza yote.

Mamangu yumo edani. Baba alitangulia mbele ya haki, na eda ni miezi 4 na siku 10, hatoki nyumbani ila kwa dharura. Ili asibaki na mawazo peke yake, niliagiza kwenu riwaya ya wakati wa vita: mama mjane wa London analea watoto wawili huku akifanya kazi maktabani. Nililipa shilingi 1,850. Mama Kiingereza hakijui, kwa hiyo kila usiku baada ya Isha namsomea nikimfasiria, na majirani nao wamezoea kuja kusikiliza.

Maktaba ya hadithi hiyo ilikuwepo kweli. Tarehe 7 Septemba 1940 bomu liliipiga maktaba ya Bethnal Green, na mwaka uliofuata ikafunguliwa nyingine ndogo chini ya ardhi, ndani ya stesheni ya treni iliyokuwa haijaanza kazi, watu walimokuwa wakikimbilia kulala. Mama ni mzaliwa wa Malindi, na bibi alimsimulia jinsi ndege za Waitalia zilivyoudondoshea mji ule mabomu Oktoba ya mwaka huohuo wa 1940. Basi king'ora kilipolia kitabuni, mama aliacha kuvuta uradi akanikodolea macho.

Ukurasa wa 160 unamwacha mjane juu ya ngazi za stesheni, usiku wa 3 Machi 1943, watoto wake wametangulia ndani ya msongamano. Nikafungua. Ukurasa unaofuata ni wa 129! Kurasa 32 zimerudiwa zote, kisha kitabu kinaendelea na ukurasa wa 193. Usiku ule, kwenye ngazi zile, walikufa watu 173, wengi wao wanawake na watoto, kwa kulaliana na kukosa pumzi, na hakuna bomu lililoanguka pale. Mama akaniuliza, "Wale watoto walifika?" Nikachungulia ukurasa wa 193. Mjane anapanga vitabu, mtoto mmoja yuko naye, wa pili hatajwi. Sikumjibu mama.

Mtumishi wenu wa kwanza alisema kitabu kimekamilika kwa kuwa kina kurasa 384, kama tangazo lenu linavyosema. Ukihesabu karatasi, hazipungui. Lakini 32 ninazo mara mbili, na 32 sinazo kabisa. Wa pili alikubali kosa, akanitaka nikirudishe Mombasa kwa gharama yangu, kikaguliwe kwa siku 30 za kazi. Picha nilishawatumia. Kifurushi kutoka hapa hupanda boti hadi Mokowe, ndipo kishike basi; kwa nini nauli iwe juu yangu? Na siku 30 za kazi ni wiki sita, ilhali eda ya mama imebakisha tano.

Kisha akaongeza: "Ni hadithi tu dada, ruka uendelee." Neno hilo limeniuma kuliko fedha. Muuza vitabu halisemi.

Nataka nakala nzima, mtu aifungue kwanza ahakikishe ukurasa wa 161 hadi 192 zimo, ndipo ipakiwe kwenye basi la Mokowe kwa gharama yenu. Mbovu nitamkabidhi atakayeileta. Ikiwa nakala zote mlizo nazo zina kasoro hiyohiyo, nielezeni wiki hii, na muwaambie pia wengine waliokinunua. Kurudishiwa fedha sitaki.

Mama amenikataza kusoma mbele. Kitabu kimewekwa kwenye kidaka cha ndani, na majirani bado wanakuja baada ya Isha kuuliza kama kurasa zimefika.

Mteja wenu,
Mkomani, Lamu