Bunduki ya Babu: Barua kutoka Birmingham

Kwako Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na wote hapo Urambo, na kwamba goti la Shangazi limepata nafuu. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza mapema. Picha kumi na moja za bunduki ya marehemu Babu nilizipokea, na nimezikagua jioni tatu mfululizo kwa lenzi niliyoazima karakana tunakotengeneza mabasi. Uliniuliza jambo moja tu, kama zile shilingi milioni mbili ambazo yule bwana wa Tabora anataka kuinunulia bunduki ni bei ya haki. Jibu langu kwa sasa ni kwamba usimuuzie wala usimkatalie. Mwombe asubiri, kwa sababu yapo mambo ambayo picha hazikuyaonyesha, na hayo ndiyo yatakayoamua bei.

Nianze na lile ambalo halitawapendeza wazee. Hadithi tuliyokua nayo, kwamba bunduki hii iliachwa na afisa wa Kijerumani aliyekimbia Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Wabelgiji walipoingia, haiwezi kuwa kweli. Katika picha ya sita, pale mtutu unapoingia kwenye mwili wa bunduki, inaonekana mihuri mitatu midogo yenye taji, na chini ya kila taji zipo herufi: BV, BP na NP. Hiyo ni mihuri ya nyumba ya ukaguzi wa silaha ya hapa Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813 na ambayo ingali pale pale Banbury Street, na juu ya lango lake zimechongwa silaha za kila namna. Pale kila bunduki hufyatuliwa kwanza kwa nguvu inayozidi ile ya risasi ya kawaida, nayo ikistahimili ndipo hugongwa muhuri na kuruhusiwa kuuzwa. Mihuri ya herufi hizo ilitumika kuanzia mwaka 1904 hadi 1954, kwa hiyo peke yake isingetutosha. Kando yake, hata hivyo, ipo alama ya silaha mbili zilizopishana, na ubavuni mwa alama hiyo herufi D. Wakaguzi walianza kuhesabu miaka kwa herufi mwaka 1921 kwa A, kwa hiyo D ni 1924, na wakati huo Mjerumani wetu alikuwa ameshaondoka miaka minane.

Hata hivyo Babu hakuwa mwongo. Picha ya tisa inaonyesha, kwa shida, neno Oberndorf, ambao ni mji wa kiwanda cha Mauser huko Ujerumani. Mafundi wa Uingereza walikuwa na desturi ya kununua kwa Mauser mwili wa bunduki pamoja na bolti yake, yaani kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kisha wao wakaweka mtutu, mbao na vilengeo vyao. Chuma cha katikati ni cha Mjerumani kweli, na nadhani aliyempa Babu alimwambia hivyo, sisi tukaongezea vita. Wewe mwenyewe uliwahi kunisimulia kwamba bosi wa Babu katika ule mradi wa karanga wa Waingereza alimwachia vitu vingi mradi ulipofungwa mwaka 1951, na nadhani hapo ndipo bunduki hii ilipomfikia.

Jina lililochorwa juu ya mtutu ni Westley Richards, pamoja na anwani ya duka lao la London. Anwani isikupoteze, kwani kampuni hiyo ni ya Birmingham tangu 1812. Ni jina la heshima, na risasi yao ya 318, iliyotoka mwaka 1910, ilipendwa sana na wawindaji wa Afrika Mashariki. Naomba uangalifu mkubwa katika namba hiyo. Inchi 0.318 ni upana wa tundu la mtutu kabla haijachimbwa ndani yake ile mifereji inayoizungusha risasi, ilhali risasi yenyewe ina upana wa inchi 0.330. Zipo risasi za kale za Kijerumani za milimita 8 ambazo upana wake hasa ndio inchi 0.318, na mtu anayesoma namba bila kujua anaweza kuzichanganya. Zile risasi tano zilizomo kwenye kopo la Shangazi asizijaribu mtu yeyote, hata kama zinaonekana safi.

Sasa thamani. Jina linavuta mnunuzi, lakini atakachokikagua ni ndani ya mtutu. Risasi za zamani ziliacha chumvi kila zilipopigwa, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa. Mwenye bunduki asipousafisha mtutu kwa maji ya moto na mafuta jioni ileile, kutu huanza kuchimba vishimo. Babu alikuwa msafi, nakumbuka harufu ya mafuta ya taa na kitambaa chake chekundu, lakini bunduki imekaa darini miaka mingi baada yake. Mtutu ukiwa unang'aa na mifereji yake ina kingo kali, tunazungumzia silaha ya kuwindia. Ukiwa umechimbika, inabaki kumbukumbu ya ukutani yenye jina zuri, na milioni mbili za yule bwana hazitakuwa dhuluma.

Kwa nje nimefurahi. Ile pembe nyeusi mwisho wa mbao ya mbele ingalipo, na hakuna tundu lililotobolewa kwa ajili ya darubini, jambo ambalo limeharibu bunduki nyingi za umri huu. Kinachonitia wasiwasi ni mstari mwembamba kwenye mbao nyuma ya bolti, kwenye picha ya nne. Ikiwa ni mkwaruzo, si neno. Ikiwa ni ufa, mnunuzi ataushika huo huo kupunguza bei. Na hapa namwomba mdogo wangu, aliyeniandikia kwamba ataipiga msasa na vanishi "ipendeze", asiiguse kabisa. Chuma kilichofifia kwa kushikwa miaka mia na mbao yenye giza la jasho la mikono ndivyo wanunuzi wa vitu vya kale wanavyolipia. Ikishafanywa mpya haiuziki kwa bei hiyo tena.

Yote haya ni bure kama karatasi hazijakaa sawa. Babu ndiye aliyekuwa na leseni, na leseni hairithiwi kama shamba. Kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo imekuteua msimamizi wa mirathi, naomba uende mwenyewe kituo cha polisi ukiwa na hati ya uteuzi, cheti cha kifo na leseni ya zamani, uwaeleze bunduki ipo na ilipo, nao wakuelekeze itunzwe wapi kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mnunuzi naye aonyeshe kibali chake kabla hamjataja bei. Usifikirie kuileta huku iuzwe mnadani; vibali vya nchi mbili na gharama za kusafirisha vingekula sehemu kubwa ya faida.

Ukiwa huko kituoni, mwombe fundi wa silaha ahakikishe haina risasi, atoe bolti, kisha aangaze tochi ndani ya mtutu na kupiga picha kutoka nyuma. Picha ya pili iwe ya ule mstari wa kwenye mbao, kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni. Ya tatu iwe ya namba ya bunduki, nami nitawaandikia watengenezaji kuwauliza daftari zao zinasema iliuzwa kwa nani. Nikipata hizo tatu nitakutajia bei ya kumwambia yule bwana.

Msalimie Shangazi na wadogo zangu wote.

Mwanao,
Birmingham